Marathoni Wakati wa Janga: Anza na Mpaka

Kazi yangu ni kupanga safari za wakimbiaji, na wakati wa janga la korona wengi waliniuliza: je, mbio zitakuwepo? Mimi huanza na swali jingine: wewe utaruhusiwa kuingia katika nchi zinakofanyika? Mwandaaji wa mbio hana mamlaka juu ya mpaka, na idara ya uhamiaji haijali kwamba umeshapewa namba ya kukimbia.

Tazama New York. Mbio za 2020 zilifutwa, zikarudi tarehe 7 Novemba 2021. Marekani nayo iliwafungulia mipaka wageni waliochanjwa kutoka sehemu kubwa ya Ulaya, India, Brazili na Afrika Kusini tarehe 8 Novemba, siku moja tu baada ya mbio. Watu walikuwa na namba, wamefanya mazoezi miezi mingi, na wakabaki nyumbani. Inaniuma hadi leo. Tokyo ilikuwa tofauti: wiki mbili tu kabla ya mbio za tarehe 1 Machi 2020, wakimbiaji wa kawaida wapatao 38,000 waliambiwa wasije, wakakimbia wale wa kiwango cha juu peke yao. Ada haikurudishwa.

Kwa hiyo mimi hupanga kwa kuhesabu kurudi nyuma kuanzia siku ya mbio. Natoa siku za karantini kama zipo, natoa siku ya safari, kisha natoa muda wa kipimo kama kinatakiwa. Wakati wa janga nchi nyingi zilitaka PCR, yaani kipimo cha maabara cha korona, iliyochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya kupanda ndege. Hapo ndipo mipango mingi ilivunjika. Wiki mbili au tatu za mwisho mkimbiaji hupunguza mazoezi, lakini kupunguza si kulala. Ukifungiwa chumbani siku kumi na ukatoka Ijumaa ili ukimbie kilomita 42 Jumapili, miguu itakuwa imekakamaa. Mteja akiniletea ratiba ya namna hiyo namwambia waziwazi aahirishe.

Jambo jingine lililowashtua watu: ukishaugua na kupona, PCR inaweza kuendelea kuonyesha una virusi kwa wiki kadhaa, kwa sababu inanasa mabaki ya vinasaba vyake hata kama huambukizi tena. Tunza cheti cha kipimo cha kwanza, uombe na barua ya daktari inayothibitisha umepona. Marekani, kwa mfano, iliwahi kupokea nyaraka hizo kwa aliyeugua ndani ya siku 90 zilizopita. Si nchi zote zilizokubali, basi uliza kabla hujalipa chochote.

Kuhusu fedha, namba ya mbio nunua mapema kwa sababu huisha, ila soma masharti ya kuahirisha: je, nafasi yako inahamia mwaka ujao, na utalipa ada upya? Chumba kiwe cha kufuta bila gharama. Tiketi ya ndege inunue mwisho kabisa. Bima ya usafiri isome mstari kwa mstari. Kuugua, kulipiwa hoteli ukitengwa, na mpaka kufungwa ni mambo matatu mbalimbali, na hilo la tatu bima nyingi hazilipi kabisa.

Na safari ya kurudi? Hii ndiyo husahaulika kuliko zote. Wakati wa janga ilikuwa hivi: umemaliza mbio, medali iko shingoni, kesho yake unapimwa ili upande ndege, na majibu yanasema una korona. Hapo mara nyingi ulitakiwa kubaki ugenini siku kumi au zaidi, ukilipia chumba na chakula, na kazini wanakusubiri. Mteja wangu asiyeweza kumudu siku hizo za ziada, kwa fedha na kwa likizo, sikumkatia tiketi.