Je, wajua kwa nini mzazi hukosa usingizi hata ugonjwa wa utumbo wa mwanawe ukiwa umetulia?

Saa tisa usiku. Nyumba nzima imelala isipokuwa mtu mmoja. Mlango wa choo umefunguliwa, umefungwa, kitasa kimelia. Mama hajainuka kitandani, ila macho yamemtoka na ameshaanza kuhesabu dakika: moja, tatu, saba. Maji yakivutwa mara moja, anashusha pumzi. Yakivutwa mara ya pili, usingizi ndio umekwisha. Asubuhi atauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umelalaje, mwanangu?" Kijana wa miaka 15 atajibu "Salama" huku akifunga kamba za viatu, na mazungumzo yataishia hapo.

Vipimo vya wiki iliyopita vilikuwa vizuri. Daktari alisema ugonjwa umetulia. Kijana ameongezeka uzito na shule hakosi. Mbona basi mama halali?

Wazazi wengi wenye watoto wa namna hii hujiuliza swali hilo kimoyomoyo na hawamwambii mtu. Wanaona haya. Wanadhani wangepaswa kushukuru na kutulia, na kwamba kushindwa kutulia ni udhaifu wao. Si udhaifu. Ziko sababu zinazoeleweka, na ningependa kila mzazi aliye katika hali hiyo azifahamu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Hapa sisemi kuharisha kwa siku mbili baada ya kula kitu kilichochacha. Nasema magonjwa mawili ya kudumu: ugonjwa wa Crohn, na ule wa vidonda vya utumbo mpana. Katika yote mawili kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeukia utumbo na kuushambulia mfululizo. Utumbo huvimba, hutoka vidonda, huvuja damu. Crohn inaweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Mwenzake hukaa kwenye utumbo mpana. Mgonjwa huumwa tumbo, huharisha, pengine damu, hukonda, huchoka hata bila kufanya kazi. Dawa zipo na zinasaidia sana, lakini huutuliza ugonjwa, haziung'oi. Wagonjwa wanaokaribia robo hugunduliwa kabla ya kutimiza miaka 20, na wengi wa hao wako katika umri wa kubalehe.

Tabia ya magonjwa haya ndiyo inayomchosha mzazi. Hutulia kwa miezi, wakati mwingine miaka, kisha huamka bila kupiga hodi. Ugonjwa ukiwa umewaka, mzazi ana kazi ya kufanya: kuna hospitali, kuna dawa za saa hii na saa ile, kuna chakula cha kubembeleza. Akili yake ina pa kushika. Ukitulia, kazi inayobaki ni moja tu, kungoja kitu ambacho huenda kikaja na huenda kisije.

Na kungoja kwa namna hiyo kuna gharama yake mwilini. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwaweka watu 45 mbele ya kompyuta wacheze mchezo wa kufunua mawe. Chini ya baadhi ya mawe kulikuwa na nyoka, na kila nyoka alipotokea mchezaji alipigwa shoti ya umeme mkononi, ndogo lakini yenye kuuma. Uwezekano wa kumkuta nyoka ulikuwa ukibadilishwa kadiri mchezo ulivyoendelea, huku watafiti wakipima jasho la wachezaji na kutanuka kwa mboni za macho yao. Ungetarajia kwamba aliyekuwa na hakika ya kupigwa shoti ndiye angehangaika zaidi. Haikuwa hivyo. Msongo ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Aliyejua fika kwamba shoti inakuja alikuwa na utulivu kuliko yule aliyebaki akibahatisha.

Aliyeumwa na nyoka, wahenga walisema, akiona unyasi hushtuka. Mzazi huyu ameshaumwa, na miezi ya nafuu anaipita kama mtu anayekatiza kwenye nyasi ndefu.

Tena wengi wao waliumwa kwa namna inayobaki moyoni. Dalili ya kwanza ya Crohn kwa mtoto mara nyingine si tumbo. Ni urefu. Mtoto anaacha kukua, wenzake wanampita kichwa, balehe inachelewa, na watu wazima wanasema atakua tu, ndivyo alivyo. Malalamiko ya tumbo yanachukuliwa kuwa ni njia ya kukwepa shule. Ukweli unapojulikana, mzazi hurudi nyuma akahesabu kila asubuhi aliyomwambia mtoto "hebu inuka, acha kudeka." Hesabu hiyo humfundisha somo moja gumu: nilipopuuza, mwanangu aliumia. Tangu siku hiyo hapuuzi chochote tena, hata mwayo.

Zaidi ya hapo, hata macho yake mwenyewe hayaamini. Kuna kipimo cha choo kinachotafuta protini iitwayo kalprotektini, inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zilizokusanyika utumboni. Kiwango chake kinaweza kupanda kabla kijana hajahisi maumivu yoyote. Kwa daktari hiyo ni faida kubwa, anaweza kubadili dawa mapema. Kwa mzazi ina maana kwamba mtoto anayecheza mpira uani, anayecheka, aliyemaliza sahani yake, anaweza kuwa anaumwa. Siku za kungoja majibu ya kipimo hicho wazazi huwa na tumbo joto kuliko wagonjwa wenyewe.

Halafu unaingia umri wa kubalehe, na hapo ndipo naona kiini cha jambo lote.

Mtoto wa miaka minane akiharisha, mzazi anajua. Anaona, anasafisha, anahesabu, anamweleza daktari. Mtoto yule yule akifika miaka 14 anafunga mlango kwa komeo. Na ana haki. Umri huo ndio wa kuutwaa mwili wake uwe wake, na hakuna jambo la siri kuliko haja kubwa. Lakini kila ambacho mzazi anahitaji kukijua kuhusu ugonjwa huu kiko nyuma ya mlango ule: mara ngapi, kulikuwa na damu au la, aliumwa au hakuumwa. Kijana mwenye pumu, mzazi husikia kifua kikilia. Mwenye kifafa huonekana akianguka. Mwenye ugonjwa wa utumbo anaweza kuzidiwa wiki mbili nzima bila mtu wa nyumbani kujua, kama hataki wajue. Ndiyo maana masikio yanageuka macho. Mama wa saa tisa usiku hafanyi upelelezi. Anakusanya habari kwa njia pekee aliyobakiwa nayo.

Dawa nazo huchanganya mambo. Steroidi kama prednisoloni, zinazotumiwa kuzima ugonjwa ulioamka, huvimbisha uso, huleta chunusi, huvuruga usingizi na kumfanya mtu awe mwepesi wa hasira au wa machozi. Mpe kijana wa miaka 15 dawa hiyo, kisha akurushie maneno na kubamiza mlango. Je, ni balehe? Ni dawa? Ni maumivu anayoyaficha? Au ni sonona, ambayo vijana wenye magonjwa haya hupatwa nayo zaidi ya wenzao wenye afya? Mzazi mwingine mlango ukibamizwa hukasirika, yakaisha. Huyu hukaa kwenye kochi akichambua.

Na kijana anasoma uso wa mzazi vizuri kuliko mzazi anavyodhani. Akiona kila akishika tumbo mama anabadilika rangi, huanza kumlinda mama. Anaumwa, anasema hajambo. Anaona damu, anasubiri aone kama itakata yenyewe. Mzazi naye anahisi kuna kinachofichwa, anaongeza maswali, na kijana anaongeza ukimya. Nyumba zenye upendo mwingi ndizo zinazonaswa humu kirahisi, kwa kuwa kila mmoja anajaribu kumwepusha mwenzake na uchungu. Baba mara nyingi anaachwa pembeni, si kwa kutojali bali kwa sababu anayekwenda hospitali na mtoto ndiye anayezijua dawa na tarehe, na huyo kwa kawaida ni mama. Baada ya miaka michache mmoja amekuwa mjuzi aliyechoka na mwingine mgeni anayeogopa kuuliza.

Kuchoka huku si neno tu. Mwaka 2004 kikundi cha watafiti wa Marekani wakiongozwa na Elissa Epel, pamoja na Elizabeth Blackburn aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2009, waliwapima akina mama 58, wengi wao wakiuguza watoto wenye magonjwa ya kudumu. Waliangalia telomea, vile vifuniko vya ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) ambavyo hufupika kadiri seli zinavyozeeka. Miongoni mwa waliouguza, kadiri miaka ya kuuguza ilivyokuwa mingi, ndivyo telomea zilivyokuwa fupi. Katika kundi zima, waliojiona wameelemewa zaidi walikuwa na telomea zilizofupika kana kwamba wamewazidi umri kwa miaka kumi au zaidi wale walioona mzigo ni mdogo. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuhusu utumbo peke yake, lakini mzazi akisema "ugonjwa huu umenizeesha", mimi simwambii anatia chumvi.

Kujilaumu nako kuondolewe hapa. Mwaka 2001 iligunduliwa jeni ya kwanza inayohusishwa na Crohn, NOD2, na wazazi wengine wakisikia neno jeni husikia "ni mimi niliyempa." Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi hawana ndugu hata mmoja mwenye ugonjwa huo, na wengi wanaobeba jeni hiyo iliyobadilika hawaugui kamwe. Chakula ulichopika hakikuuleta. Ugomvi wa nyumbani haukuuleta. Msongo unaweza kuongeza dalili kwa aliyekwisha kuugua, kwa kuwa utumbo na ubongo huwasiliana muda wote kupitia neva na homoni, ila si chanzo cha ugonjwa.

Nini husaidia? Kumwambia mzazi "usiwe na wasiwasi" hakusaidii kitu. Wasiwasi wake una sababu. Kinachosaidia ni kupunguza kubahatisha. Mzazi na kijana, pengine pamoja na daktari au muuguzi, wanakubaliana mapema ni mambo gani kijana atayasema siku hiyo hiyo bila kuulizwa: damu, homa, maumivu yanayomwamsha usiku, dozi iliyorukwa. Kwa mengine yote mzazi anajizuia, na wanachagua siku moja ya wiki ya kuzungumzia tumbo. Siku nyingine tumbo halitajwi. Ni vigumu mno wiki za mwanzo. Lakini kijana akiona kwamba aliposema "kulikuwa na damu" mzazi hakulia wala kugomba, aliuliza tu "tangu lini?" na kupiga simu hospitali, atasema tena.

Hili linafanana na msaada wa kisaikolojia ambao wazazi wa watoto wenye magonjwa sugu hupewa na kuwanufaisha: mshauri hamfundishi mzazi kuwaza mema, humfundisha kuchukua tatizo moja, kulivunja vipande, kuchagua hatua moja na kuijaribu. Kugawana zamu nako ni dawa. Baba, shangazi au mtu mzima mwingine akimpeleka kijana kwenye dripu ya dawa inayorudiwa kila baada ya wiki nane, mama anapata wiki nane nyingine kabla ya kuonja tena harufu ya wodi.

Na kuna mpaka ambao mzazi asiuvuke peke yake. Wiki mbili mfululizo za huzuni isiyoondoka, kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, kukesha hata mtoto akiwa amelala fofofo, kulia bila kujua kwa nini: hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika, mwambie daktari wako wewe, si wa mtoto tu. Wazo la kutaka kufa halisubiri wiki mbili. Litafutiwe msaada siku hiyo hiyo.

Kliniki nyingi huanza kumzoesha kijana kuonana na daktari peke yake kwa sehemu ya muda, kwa sababu akifika miaka 16 hadi 18 hivi atahamia kwa madaktari wa watu wazima. Mzazi anaambiwa asubiri nje. Wapo wanaosema benchi lile ni gumu kuliko usiku wowote waliowahi kukesha. Unatoa simu, unairudisha. Unajaribu kukisia sauti nyuma ya ubao. Kisha mlango unafunguka na mwanao anatoka, karatasi ya dawa iko mkononi mwake na siyo mwako, na kabla hujafungua mdomo anasema, "Mama, nimemweleza ile damu niliyokwambia Ijumaa. Tunarudia kipimo Jumatatu."