Kaboni ya zege imo kwenye klinka

Wengi huamini kwamba saruji inachafua hewa kwa sababu ya moto wa kiwandani, basi kiwanda kikipata nishati safi, tatizo litakwisha. Hii ndiyo dhana inayopotosha kuliko zote. Ni kweli tanuri la saruji huchoma kwa nyuzi 1450 za Selsiasi hivi, na joto hilo hula makaa mengi. Lakini takriban asilimia 60 ya kaboni dioksidi hutoka ndani ya jiwe lenyewe. Mawe ya chokaa yakichomwa huachia kaboni iliyofungwa humo, na kinachobaki huungana na udongo kuwa klinka, zile gololi za kijivu zinazosagwa kupata saruji. Hata tanuri likiendeshwa kwa jua, jiwe litaachia hewa ileile. Kwa hiyo dawa kubwa ni kupunguza klinka.

Hapo ndipo huzuka hofu ya pili: saruji yenye klinka kidogo imechakachuliwa. Si kweli. Warumi walijenga kuba la Pantheon, hekalu la kale mjini Roma, kwa chokaa na majivu ya volkano, na limesimama karibu miaka 1900. Leo kuna saruji iitwayo LC3: nusu yake ni klinka, na nusu nyingine ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa, mawe ya chokaa mabichi yaliyosagwa na jasi kidogo. Udongo huo huhitaji nyuzi 700 hadi 850 tu, na kaboni hupungua kwa asilimia 30 hadi 40. Saruji ambayo sehemu ya klinka yake imebadilishwa kwa majivu ya makaa ya mawe, kwa upande wake, huchelewa kukomaa. Inataka kumwagiliwa maji kwa siku nyingi zaidi, na fundi asiharakishe kung'oa mbao zinazoshikilia zege. Kuchelewa huko si udhaifu; nguvu yake huendelea kupanda baada ya siku 28 zilizozoeleka kupimia.

Eti ukizidisha saruji, jengo linakuwa imara zaidi? Kinachotawala nguvu ya zege ni uwiano wa maji na saruji. Maji yakizidishwa ili zege limwagike kirahisi, mifuko ya ziada hutumika kufidia uharibifu huo tu, tena zege lenye saruji nyingi mno hupata joto, husinyaa na kupasuka.

Wengine hujifariji kwamba zege hunyonya tena kaboni yake. Hunyonya kweli, ila sehemu tu, tena polepole kwa miongo mingi, na ikifika kwenye nondo, kinga dhidi ya kutu hupotea. Kokoto za zege lililovunjwa nazo huokoa machimbo kuliko hewa, kwa kuwa kaboni ilikuwa kwenye saruji, siyo kwenye kokoto.

Mwenye kujenga amwombe mhandisi wake apunguze unene wa slabu pasipohitajika, na kwa msingi usiobebeshwa mzigo mapema, aandike nguvu inayotakiwa siku ya 56 badala ya kutaja idadi ya mifuko.