Je, wajua? Chai uliyokunywa asubuhi bado inapikwa tumboni hadi jioni

Watu wa pwani chai isiyotiwa maziwa huiita chai ya mkandaa. Mkandaa ni mmoja wa miti ya mikoko, na gome lake jekundu limetumika tangu zamani kutia rangi na kutengenezea ngozi. Jina hilo linatokana na rangi, lakini limegusa jambo kubwa zaidi. Kinachotia gome la mkandaa wekundu wake, na kinacholeta ule ukakasi ulimini ukinywa chai kali, ni ndugu wa ukoo mmoja: tanini. Tanini hushikana na protini za mate, ndiyo maana kinywa hukauka. Kiache kikombe cha chai ya mkandaa mezani usiku kucha, asubuhi utakuta mduara wa kahawia umegandia, hautoki mpaka usugue.

Sasa jiulize: vitu vinavyoshika kikombe namna hiyo vikishuka tumboni vinakwenda wapi? Na vinahusiana vipi na ubongo?

Tuanze na jani. Jani bichi la chai limejaa katekini, ambazo ni jamaa za tanini. Kiwandani, kuwe Kericho au Mufindi, jani hunyaushwa, likasagwa na kuchanwachanwa, kisha likaachwa lipigwe na hewa. Vimeng'enya vya jani lenyewe, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, huzigeuza katekini kuwa theaflavini, zenye rangi ya dhahabu, na thearubijini, zenye wekundu wa udongo. Chai ya kijani hutoka kwenye mti huo huo, ila jani lake hupitishwa kwenye joto mapema ili vimeng'enya visipate nafasi.

Kinachofika ubongoni haraka si hivyo vya rangi. Ni kafeini na theanini, ambazo hunyonywa kwenye utumbo mwembamba muda mfupi tu baada ya kunywa. Mchana kutwa ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, inayotuletea usingizi. Kafeini huwahi kukalia kiti cha adenosini, nasi tukajiona macho. Theanini yenyewe huleta utulivu usio na usingizi, ingawa majaribio mengi yametumia miligramu 100 hadi 200, kiasi ambacho kikombe kimoja hakikifikii.

Vile vya rangi, pamoja na katekini zenyewe, vina safari ndefu. Molekuli zake ni kubwa na ukuta wa utumbo mwembamba hauzipokei kwa urahisi. Watafiti wa Glasgow waliliona hili waziwazi kwa kuwanywesha chai ya kijani watu waliokwisha kutolewa utumbo mpana kwa upasuaji. Takriban asilimia 70 ya katekini na jamaa zake ilitokea mwishoni mwa utumbo mwembamba. Kwa mtu mwenye utumbo mpana, hiyo yote ingeangukia mikononi mwa bakteria.

Na hapo ndipo ninapostaajabia zaidi. Mwilini tuna bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, wengi wao wakiishi kwenye utumbo mpana. Hakuna bakteria mmoja anayeimaliza katekini peke yake. Mmoja huivunja pete ya molekuli, mwingine hupokea kipande na kukipunguza, wa tatu hukimalizia, kama wapishi wa shughuli wanaopokezana sufuria. Kinachotoka ni vipande vidogo viitwavyo valerolaktoni, na hivi ndivyo vinavyoingia kwenye damu kwa wingi. Huonekana humo saa sita hadi kumi na mbili baada ya kunywa. Kwa hiyo chai ya saa moja asubuhi inaweza kuwa inaingia damuni saa kumi na moja jioni, ikiwa imegeuka kitu kingine kabisa. Hata wewe na jirani yako mkinywa kutoka birika moja, mwaweza kupata vitu tofauti, kwa kuwa bakteria wenu si wale wale.

Majaribio ya maabara yanaonyesha baadhi ya vipande hivyo vinaweza kuupenya ukuta unaoulinda ubongo. Lakini utumbo una njia nyingine pia. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni. Haipandi ubongoni yenyewe, ila huiamsha neva ya vagasi, uzi mrefu unaounganisha tumbo na ubongo, na habari zikafika kwa njia hiyo. Bakteria wana sehemu katika utengenezaji wa serotonini hiyo, na polifenoli za chai, yaani katekini na jamaa zake, hubadili nani anastawi miongoni mwao.

Ushahidi mmoja umetoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2011 Kenya ilitoa mbegu ya chai ya zambarau, TRFK 306, yenye anthosayanini nyingi, ndizo zinazoipa rangi hiyo. Watafiti wa huko walipowapa panya anthosayanini zilizotolewa kwenye chai hiyo, zilikutwa ndani ya ubongo wao, na kinga yake dhidi ya uharibifu wa oksijeni ikapanda. Panya si mtu, ni kweli. Kwa upande wa watu, uchunguzi wa Waingereza zaidi ya 365,000, uliotoka mwaka 2021, ulikuta wanaokunywa vikombe 3 hadi 5 vya chai kwa siku walipata kiharusi na ugonjwa wa kusahau kwa uchache kuliko wasiokunywa. Huo ni uhusiano tu. Haukuthibitisha kwamba chai ndiyo iliyowakinga.

Kuna mambo mawili siwezi kuyapita. Tanini ile ile inayoshika kikombe hushika pia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, yakapita bila kunyonywa. Mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kuwa damu yake ni kidogo asishushie chakula kwa chai. Anywe saa nzima baadaye. La pili ni joto. Shirika la saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza mwaka 2016 kuwa vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, ugonjwa unaoua wengi Afrika Mashariki. Watafiti walipopima chai za watu Kilimanjaro, wengi walianza kuinywa ikiwa juu ya hapo. Mimina, kisha uiache dakika kadhaa ipoe. Bakteria wataisubiri.