Kabla hujameza kile kidonge cha bluu, niambie unatumia dawa gani

Mimi ni mfamasia, na wanaume wengi wanaokuja dirishani kwa ajili ya nguvu za kiume wanauliza kitu kimoja tu, "ipi kali?" Mimi nauliza kingine, unatumia dawa gani nyingine? Sio umbea jamani, uhai wako upo hapo.

Iko hivi. Sildenafili, ambayo ndo iliyomo kwenye Viagra, inalegeza mishipa ili damu iingie uumeni ukipata hamu, bila hamu haifanyi kitu. Sasa kuna dawa za moyo zinaitwa naitreti, kama isosobaidi au kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, nazo zinatanua mishipa. Ukichanganya presha inaporomoka ghafla, mtu anazimia na wengine hawaamki tena. Na kama umeshameza halafu usiku kifua kikabana, kile cha chini ya ulimi usiguse, kimbia hospitali useme ukweli umemeza nini na saa ngapi, maana ukimeza sildenafili yanatakiwa masaa 24 yapite kabla ya naitreti, na tadalafili, dawa nyingine ya nguvu za kiume, masaa 48. Mkeo pia ajue, ukizimia yeye ndo atakayeongea na daktari.

Wazee wangu wa tezi dume mnaotumia tamsulosini nanyi semeni, mara nyingi tunaanza na miligramu 25 za sildenafili. Wenye ARV zenye ritonaviri pia, inafanya sildenafili ijae mwilini kupita kiasi.

Kwa wengine kawaida ni miligramu 50, kama saa moja kabla, mara moja tu kwa siku. Ukishiba chipsi kuku inachelewa, sasa mtu anaona kimya anaongeza cha pili, hapana, subiri. Uume ukisimama zaidi ya masaa 4 nenda hospitali usiku huohuo.

Zile unga na asali za "asili" za mtaani ndo zinaniumiza roho, kuna zilizopimwa maabara zikakutwa na sildenafili ndani wala haijaandikwa popote, mgonjwa wa moyo atajuaje?

Halafu mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huwa inaanza kuziba mapema, tatizo lako linaweza kuwa sukari au moyo unabisha hodi. Ndo maana ukija bila cheti nakupima presha kwanza halafu nakupeleka kwa daktari, usininunie kaka.