Sikio likifa ganzi

Nikiwa mwaka wa sita kazini kama afisa ustawi wa jamii hapa Tanga, mama mmoja alinisimulia mkasa wa mwanawe huku analia, nami nikawa nawaza kama nitaiwahi daladala ya Pongwe. Fomu niliijaza bila kosa. Jioni, nikiikata Barabara ya Nane, nikajaribu kuukumbuka uso wa yule mtoto, haukuja. Niliogopa sana.

Maafisa ustawi wa jamii wengi wanangoja machozi ndipo wakiri wameumia. Kwa uzoefu wangu, machozi yanapokauka ndipo pa kushtuka. Mwanasaikolojia Charles Figley wa Marekani aliandika miaka ya 1990 kuhusu uchovu wa huruma: anayepokea kiwewe cha wengine kila siku naye hupata fungu lake. Usingizi unakatika, mambo uliyosimuliwa tu yanakurudia kama uliyaona, kisha moyo unajifunga ili upumue.

Kuchoshwa na mafaili na usafiri usiopatikana ni jambo jingine, na likizo hulipunguza. Uchovu wa huruma unapanda nawe basi hadi Lushoto. Ndiyo maana napenda dodoso la ProQOL, linalopima jinsi kazi ya kusaidia wengine inavyomgusa anayeifanya: katika maswali yake 30, kuna 10 ya kuchoka na kazi, 10 ya kiwewe cha kupokea, na 10 ya furaha ya kusaidia. Hilo la tatu huwashangaza vijana wangu. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Sasa afisa akirudi kutoka kumsikiliza mtoto aliyefanyiwa ukatili, tunaketi naye kabla hajagusa ripoti. Simuulizi faili limefikia wapi. Namuuliza, "Mwanangu, umerudi na nini?" Wenzake nao wana desturi yao: hamwagiwi mtu maelezo ya kitendo bila kuombwa ridhaa kwanza, "Dada, utaweza kulisikia hili?" Akikataa, hanuniwi.

Kinachoniuma bado ni mazoea ya kumrundikia mashauri mazito yule anayeyaweza. Anasifiwa, anaongezewa, hadi anazima. Mimi mwenyewe nimewafanyia hivyo wawili, na mmoja aliacha kazi.

Wiki iliyopita binti mmoja wa ofisini alikuja kuniomba kwamba shauri jipya apewe mwingine. Nikampa mwingine. Yeye nikamtuma Makorora, kumtembelea mtoto aliyemrudisha shule mwaka jana. Alirudi saa kumi, daftari la hesabu la yule mtoto bado analisimulia.