Gesi ya Songo Songo haikai pangoni

Wengi wanaotuuliza kuhusu gesi ya Songo Songo, kule Kilwa, hudhani chini kuna pango au ziwa lililojaa gesi. Hakuna. Gesi hiyo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, imo ndani ya jiwe gumu la mchanga lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100, katika vitundu vidogo mno. Ajabu kwangu ni kwamba vitundu hivyo bado vipo.

Chukua lita moja ya mchanga mkavu wa pwani, umiminie maji taratibu. Utapokea karibu mililita 400, yaani uwazi, nafasi tupu kati ya chembe, wa asilimia 40 hivi. Tope jipya la mtoni huwa na uwazi mkubwa zaidi, hata asilimia 70. Lakini mto hauachi kuleta mzigo mwingine juu. Muuza mahindi anajua: debe likitikiswa, nafaka hushuka. Uzito wa tabaka za juu nao huzisogeza chembe na kuyakamua maji. Tope hunywea upesi. Mwaka 1930 mjiolojia Mmarekani Lawrence Athy alionyesha kwamba uwazi wake hupotea kwa kasi karibu na uso wa ardhi, kisha polepole kadiri linavyozama.

Mchanga ni mkaidi zaidi, kwa sababu chembe zake nyingi ni za kwatzi, madini magumu yasiyopondeka ovyo. Kinachouangamiza ni joto. Kwa kawaida joto huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita ya kwenda chini. Likipita nyuzi 70 au 80, kwatzi huanza kuyeyuka kidogo kidogo pale chembe zinapogusana, kisha huganda vitunduni na kuziba kama saruji. Jiwe lililozama mno hugeuka zege tupu, na mchimbaji huambulia patupu.

Kuna kinga, hata hivyo. Utando mwembamba wa udongo ukizizunguka chembe, kwatzi hukosa pa kushika. Maji yakifungiwa na tope lisilopitisha, nayo hubeba sehemu ya uzito; hapo vitundu husalimika, ila kutoboa tabaka hiyo bila tahadhari kunaweza kulipua kisima.

Na jiwe likishabanwa halitanuki tena, hata ardhi ya juu ikimomonyoka. Ndiyo maana tukikuta tope lililoshindiliwa kuliko inavyostahili kwa kina lilipo leo, tunaweza kukadiria ni unene gani wa miamba umekwisha kuondolewa juu yake.