Nishati haizunguki

Nimesikia tena mtu msomi akitaja "mzunguko wa nishati", na safari hii akaongeza kwamba bakteria huirudisha nishati ardhini ili mimea iitumie upya. Hapana, haiko hivyo.

Maana yenyewe ni fupi. Mmea hunasa mwanga wa jua na kutengeneza chakula, mla majani akaula mmea, mla nyama akamla mla majani, na mabaki ya wote yakaishia kwa bakteria na kuvu. Njia hiyo moja hupitiwa na nishati pamoja na virutubisho, yaani vitu kama naitrojeni na fosforasi vinavyoujenga mwili wa kiumbe, na hapo ndipo watu wanapovichanganya.

Kiswahili chetu kimeshavitenganisha, tukikisikiliza. Nishati ina mtiririko, virutubisho vina mzunguko. Kinachotiririka hushika upande mmoja. Kinachozunguka hutoka na kurejea kilipoanzia. Hata asili ya maneno inapendeza: nishati limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uchangamfu, na rutuba, linalozaa virutubisho, huko Uarabuni ni unyevu. Uchangamfu hutumika. Unyevu hukauka, ukarudi na mvua.

Raymond Lindeman, Mmarekani aliyechunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota, ndiye aliyeipima nishati ngazi kwa ngazi, yaani kutoka mmea hadi mla majani, kisha hadi mla nyama. Makala yake ilichapishwa 1942, miezi michache baada ya yeye kufariki akiwa kijana bado. Siku hizi hukadiriwa kwamba takriban asilimia 10 tu ya nishati huvuka kutoka ngazi moja hadi inayofuata. Nyingi ya iliyobaki hutumika katika kupumua, kutembea na kuishi tu, na mwisho wake ni joto. Haijaangamia, lakini joto lililokwisha kutawanyika hewani hakuna jani linaloweza kulifanya chakula.

Asiyesadiki na afukue lundo la mboji changa asubuhi ya baridi. Mvuke utampiga usoni, na akitia mkono katikati atautoa upesi, maana humo joto huweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi. Hilo ni jua lililonaswa na majani yale, sasa linaondoka, na bakteria ndio wanaoliachia. Lundo hilohilo baada ya miezi kadhaa limepoa, jeusi, linanukia udongo wa mvua. Fosforasi na potasiamu zimo, naitrojeni nyingi pia imo, tayari kufyonzwa na mizizi. Kaboni iliyotoka kama hewa nayo itanaswa tena na jani jingine, pengine mbali kabisa. Joto halitanaswa.

(Kuna anayeuliza habari za makaa ya mawe. Hayo ni nishati iliyocheleweshwa chini ya ardhi mamilioni ya miaka. Ukiyachoma, inamalizia safari yake ileile.)

Basi ndugu yangu, sentensi yako haina haja ya kutupwa, ibadilishe neno moja tu: bakteria huvirudisha virutubisho ardhini. Nishati waliyoikuta kwenye majani wameitumia wenyewe, na mche utakaoota juu ya mboji hiyo utaitafuta yake kwenye jua la siku hiyo.